Kijani cha Mashamba ya Watu

Mwanangu Zaituni,

Wewe na mama yako mmetoka kwenda kuwaaga majirani, nami nimejifanya nina tairi la kubadilisha ili nibaki. Tairi nimelibadilisha asubuhi. Nimekaa hapa barazani na karatasi nilizochana kwenye daftari la mdogo wako, nakuandikia kwa sababu wiki nzima nimejaribu kukuambia kwa mdomo nikaishia kukuuliza kama umeshapakia chandarua. Mambo ya chandarua, ya kuwaamkia wenye nyumba na ya kutokula kwa watu ovyo mama yako ameshayasema, na aliyoyasahau shangazi yako ameyasema mara mbili. Mimi nina jambo moja tu. Ni la zamani, na wewe ulikuwepo.

Siku uliyotuletea habari ya kazi, mama yako alitaka kujua utalala wapi huko Ifakara. Mimi nikauliza kazi yenyewe ya bibi shamba ni kufanya nini hasa. Ukasema, "Kutembelea mashamba ya mpunga ya watu, baba, halafu kusema nimeona nini." Kisha ukainuka kutoa vyombo. Sijui kama uliona nilivyoinama. Maana mtu wa kwanza kukutuma ukatazame mashamba ya watu, ukaseme umeona nini, ni mimi. Na nilikutuma ukaseme uongo.

Bibi yako Mwasiti wewe ulimkuta macho yameshakwenda. Presha ya macho ilimla polepole, kwanza pembeni, kisha katikati, na alipokubali kwenda hospitali tukaambiwa kilichopotea hakirudi. Kabla ya hapo alikuwa na shamba lake Mapinga, juu mahindi na kunde, bondeni mpunga. Baba alipofariki alililima peke yake, akanilea kwalo. Nilipomleta hapa Dunda tukae naye aliniambia, "Shabani, shamba ni lako sasa. Ila usiliache." Nikamjibu, "Siliachi, mama."

Nikalima. Kila nikirudi jioni namkuta ukumbini ananisubiri, hata maji ya kuoga sijayagusa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shamba?"

"Zuri, mama."

"Zuri vipi?"

"La kijani."

Hapo alikuwa akikasirika kweli. "Hata kuvu la mkate ni la kijani, Shabani. Hata inzi wa chooni ni wa kijani. Nimekuuliza mahindi yangu."

Nimekulia katika shamba lile, lakini sikuwahi kulitazama. Nililima tu nikaondoka. Basi akanifundisha kwa maswali. Majani ya chini yamefanana na ya juu, au yameanza umanjano? Mchana wa jua kali yamesimama au yamejikunja? Na hicho kijani, ni chanikiwiti, kile cha jani lililotoka jana, au kimekolea hata kinaelekea weusi? Cha kwanza ni cha utoto, alisema, hakina habari. Cha pili ndicho cha shibe. Na kipo cha tatu, kimepauka kama ndimu iliyosahauliwa juani. Hicho ni cha njaa, ukikiona peleka samadi, usije hapa kunihadithia. Mpunga nao ulikuwa na maneno yake: umesimama, una mimba, umechanua, umeinama. Nilikosea mara nyingi. Nikisema umeinama, ananiuliza, "Umeinama kwa uzito au kwa kiu?" Nami narudi kesho yake kutazama upya.

Ukaanza kufuatana nami kabla hujaingia shule. Wewe hukuhitaji kufundishwa. Siku moja ulipanda mapajani kwa bibi yako ukamwambia kunde zimeshikana mikono hata chini hapaonekani, na kwamba upepo ukipita, mpunga unageuka mgongo, unakuwa mweupe, halafu unarudi. Hilo la mpunga sikuwahi kuliona maisha yangu yote. Kesho yake nilisimama bondeni nikangoja upepo, na ni kweli. Bibi alicheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Huyu ndiye macho yangu," akasema. "Wewe Shabani kalime, huyu ndiye aje anisimulie."

Unakumbuka hayo? Mimi nayakumbuka kwa sababu ndiyo siku za mwisho nilizokuwa safi mbele yenu wote wawili.

Wakati ule Mapinga ilikuwa inabadilika. Kila uchao mtu wa Dar anakuja kutafuta mahali pa kujenga. Wenzangu waliuza, wakanunua pikipiki, wakafungua maduka. Mimi nilikuwa nalima huku nawatazama. Nilichoka, mwanangu. Sitaki kusema nilikuwa na shida, maana huo nao ungekuwa uongo. Hapakuwa na mgonjwa wala deni. Nilichoka jembe na nilitamani kushika usukani. Akaja mtu mmoja mstaarabu, ana maneno laini, akalitembelea shamba akalipenda. Nikamuuzia lote, juu na bondeni. Nikanunua kirikuu, hiki kigari cha mizigo kilichokulisha na kukusomesha. Nilijiambia mama alisema nisiliache, hakusema nisiliuze. Tazama mtu mzima anavyoweza kujichezea akili.

Nilikusudia kumwambia. Mama yako anajua, kwa sababu yeye nilimwambia usiku uleule, akaketi kitandani akashika kichwa. "Mwambie mama yako kesho," akasema. "Mimi sitamwambia, si shamba langu. Lakini akiniuliza sitamdanganya." Bahati yangu mbaya, Bibi hakuwahi kumuuliza yeye. Alikuwa na mimi na wewe.

Jioni moja baada ya hapo nilikuwa natoka Mapinga. Greda lilikuwa limeshakwangua sehemu ya juu, udongo mwekundu mtupu, vishina vya mahindi vimekusanywa pembeni kama taka za arusini. Nimeingia ndani, nimeamkia, na yeye akauliza kama alivyozoea kuuliza. "Shamba?"

Nikafungua mdomo nikasema, "Mahindi yamekolea, mama. Yameanza kutoa ndevu."

Nilidhani nasema neno moja la kusogezea siku. Lakini akaniuliza ndevu za rangi gani, nikajibu. Akaniuliza za juu zimekauka au bado zinateleza, nikajibu. Na ajabu yake, Zaituni, ni kwamba maneno yalikuja. Miaka yote ya kulilima shamba lile nilikuwa bubu, na nilipokwisha kuliuza ndipo ulimi ulipofunguka. Mama akatabasamu, akasema, "Leo umetazama."

Sijawahi kusifiwa na mama yangu kama siku ile, na nilisifiwa kwa uongo. Nikaupenda. Nakuambia hili kwa sababu nisingependa udhani nilidanganya kwa woga peke yake. Woga ulikuwepo, lakini utamu ulikuwepo pia.

Baada ya hapo ikabidi nitafute kijani mahali. Kazi za kirikuu zilikuwa zinanipeleka njia ya Msata, napeleka bati na saruji, narudi na mkaa au mihogo. Njiani mashamba yako pande zote. Nikawa nasimamisha gari, nashuka, natazama mahindi ya mtu nisiyemjua kwa umakini ambao sikuwahi kuyapa ya mama yangu. Nachagua maneno. Nayarudia njiani mpaka nyumbani. Siku moja mwenye shamba alinifuata na panga akiniuliza natafuta nini, nikamwambia nimevutiwa tu na mazao yake. Akafurahi maskini, akanipa maboga mawili machanga. Nilimpelekea mama, nikamwambia yametoka kwetu.

Na wewe nilikuwa nakupakia mbele kila Jumamosi. Bibi alitaka kusikia kutoka kwako, na bila wewe angeanza kushuku. Mara ya kwanza, karibu na kona ya kuingilia barabara ya vumbi, nilisimamisha gari kando ya shamba la watu, nikakuambia, "Bibi akikuuliza, mwambie haya ndiyo mahindi yetu."

Ulitazama nje, ukanigeukia. "Kwani si ya watu?"

"Ni ya watu. Lakini Bibi anaumwa. Akijua shamba letu limejengwa atazidi kuumwa. Unataka Bibi azidi kuumwa?"

Ukatikisa kichwa. Ulikuwa umevaa gauni lile la njano la Idi, limeshakubana kwapani. Ukashuka, ukayatazama mahindi yale kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Jioni ulimsimulia bibi yako vizuri sana. Vizuri kuliko mimi. Lakini hukupanda mapajani. Ulisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Niliona. Nikaenda kuoga.

Hivyo ndivyo tulivyopitisha vuli, tukaingia masika. Pengine tungeendelea mpaka Bibi anafariki, na leo ningekuwa najiambia nilimfichia mama kwa huruma. Lakini maneno hayakai ndani ya nyumba. Bibi alikuwa na mdogo wake Fukayosi, Bibi Pili, mjane mwenye wajukuu wanne. Masika ile nguruwe pori waliingia shambani kwake wakalimaliza, hawakubakiza mstari. Mvua ilikuwa bado ipo, angeweza kupanda tena kunde au mtama akaokoa kitu. Akapiga simu kumlilia dada yake. Na mama yangu, kwa furaha ya mtu mwenye cha kutoa, akamwambia, "Usihangaike, mdogo wangu. Shamba langu mwaka huu halijawahi kutokea. Shabani ananiambia, na mtoto ameona kwa macho yake. Njoo wakati wa kuvuna, nusu ni yako."

Sikuwepo alipopiga simu ile. Niliambiwa na Bibi mwenyewe jioni, ananiambia kama mtu anayetoa habari njema. Zaituni, hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Mvua bado ipo, mbegu zipo, Fukayosi si mbali. Neno moja tu na Bibi Pili angepanda. Nilikaa nalo kinywani siku ile, na ya pili, na ya tatu. Halafu mvua zikakatika, nikajiambia sasa hata nikisema haisaidii.

Kosa la kuuza nimeshalizoea, ni kama kovu. Siku zile tatu sijazizoea mpaka leo.

Bibi Pili alikuja na mjukuu wake mkubwa na magunia matupu yamekunjwa chini ya kwapa. Hakupitia Dunda kwanza. Alishuka Mapinga, kwa sababu shamba la dada yake analijua tangu usichana wao, akaingia mpaka ndani. Akakuta ukuta, geti jeusi na mbwa. Akadhani amepotea, akauliza majirani, wakamweleza. Alifika kwetu adhuhuri, tunakula. Mama yako alimpokea magunia akayaweka pembeni.

"Dada," akasema Bibi Pili, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechanganyikiwa. "Mbona pale pana nyumba?"

Bibi akacheka. "Umekosea njia, Pili. Jana tu Shabani kapita huko."

"Sijakosea. Mnazi wa kwenye mpaka upo. Pana nyumba ya ghorofa, dada."

Bibi hakunigeukia mimi. Aligeuka upande uliokuwa umekaa wewe, akanyoosha mkono. "Zaituni. Wewe uliona mahindi?"

Ulinitazama. Nami nilikuwa na uwezo wa kusema hapo hapo, "Mama, mwache mtoto, ni mimi." Nilikuwa na tonge mkononi. Nikaangalia tonge.

Ukasema, "Niliona, Bibi."

Ulikuwa mtoto mdogo, na ulimsitiri baba yako mbele ya watu wazima, naye akakuacha umsitiri. Hilo ndilo ninalokuomba radhi, mwanangu. Kuliko shamba, kuliko Bibi Pili, kuliko yote.

Alasiri ile Bibi aliniamuru nimpeleke. Mlibaki nyumbani, kwa hiyo haya huyajui. Alishuka garini, akaniambia nimwonyeshe. Nikaushika mkono wake nikaugusisha ukuta. Akauachia mkono wangu, akatembea peke yake, kiganja juu ya matofali, mpaka kwenye pembe. Mbwa anabweka upande wa pili. Akarudi polepole kwa njia ileile.

"Na huko ndani mna nini?"

Nikachungulia getini. "Nyumba, mama. Gari. Nyasi za kupandwa, wanazimwagilia."

"Za namna gani?"

Nilikuwa nimeokota maneno mengi mwaka ule. Nilitafuta moja, sikulipata. Nikasema, "Nyasi tu, mama."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jibu alilolitarajia. Akasema, "Shamba ungeniambia umeuza, ningelia, nikanyamaza. Watu wanauza. Lakini Pili amekaa na mvua inanyesha, hajapanda, kwa maneno yako. Na yule mtoto alikuwa macho yangu. Umemfanya nini?"

Tulirudi nyumbani, na kesho yake nikawapakia wote watatu, yeye na Bibi Pili na kijana, nikawapeleka Fukayosi pamoja na magunia yao. Bibi alihamia huko. Wewe ulidhani ameenda kutembea, ukawa unauliza anarudi lini, nami nikawa nakujibu karibuni.

Mwaka ule wajukuu wa Bibi Pili walishindia mihogo. Nilikuwa nawapelekea unga kila nikipita, naye anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, hana neno baya. Heri angenitukana. Mama yangu naye alinipokea vizuri kila nilipokwenda. Alinipa maji, akauliza habari zenu mmoja mmoja, akanisamehe kwa mdomo wake mbele ya mdogo wake, akasema mtoto hanuniwi. Na naamini alinisamehe. Lakini nilikuwa nikipita kwenye mashamba kumfikia, viatu vina umande na vumbi la mahindi, naye anajua nimepita huko, na hakuniuliza tena. Alimuuliza kijana. Alimuuliza Bibi Pili. Mpaka anafariki hakuniuliza tena mimi nimeona nini.

Na wewe ukawa mtoto wa neno moja. Shule vipi? Kawaida. Safari vipi? Kawaida. Mwalimu wako alinieleza kwamba unajua kila kitu kwenye karatasi ila ukiambiwa usimame usimulie, unanyamaza. Nikasema ni aibu za kike, zitakwisha. Ulipokuwa chuoni Morogoro nilikuuliza mashamba ya huko yakoje, ukasema, "Kawaida, baba." Miaka yote hii niliamini nilikuvunja kitu ndani, kwamba maneno yale uliyokuwa nayo mapajani kwa bibi yako niliyaua mimi.

Halafu juzi nikawa chini ya gari natengeneza, nawe uko uani unaongea kwenye simu na mwenzako wa chuo. Hukujua nipo. Ulikuwa unamweleza shamba moja la mpunga mliloliona lina ugonjwa. "Siyo njano ya kuiva," ulisema. "Ni njano ya chungwa, inaanzia kwenye ncha ya jani inashuka. Na mpunga umedumaa, umejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Usiwaambie ni njaa ya mbolea, watamwaga mbolea bure na msimu utawapita. Waambie ukweli hata kama watakuchukia."

Nililala pale chini ya gari, spana kifuani, mpaka ulipoingia ndani. Kumbe sikukuvunja. Maneno yote unayo, tena yamekomaa. Ulininyima mimi tu.

Nilifurahi, Zaituni. Nataka ujue kwanza nilifurahi, na uchungu ulikuja baadaye. Huko unakokwenda watu watapanda au hawatapanda kwa neno lako, na nimeshasikia kwa masikio yangu kwamba huhitaji nikufundishe namna ya kulisema. Kama kuna kitu mimi ninacho cha kukupa, ni hiki: siku utakapokosea kutazama, na utakosea, usikae nalo siku tatu. Rudi kabla mvua hazijakatika.

Sikuombi unisimulie chochote. Ukipiga simu ukaniambia "kawaida", nitaipokea, najua ilikotoka. Nasikia mlango wa nje, mnarudi, na mama yako anacheka. Barua hii nitaitia kwenye begi lako chini ya mashuka, uisome ukishafika na mimi siko karibu, usilazimike kunitazama usoni wala kuniambia "hapana neno".

Na akitokea mtu huko, rafiki au mchumba au mzee wa kijiji, akakuuliza baba yako ni mtu wa namna gani, usinisitiri tena. Mwambie ulivyoniona.

Baba yako,
Shabani